Mzee Anayeumwa Mgongo na Magoti: Mwongozo wa Kumsaidia Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Kauli ninayoisikia sana katika kazi yangu ya fiziotherapia ni hii: "Ni uzee tu, hakuna la kufanya." Mara nyingi anayeitoa ni mtoto aliyemleta, na mzee mwenyewe anaitikia kwa kichwa. Inaniuma kila ninapoisikia, maana la kufanya lipo, na sehemu kubwa yake hufanyika nyumbani juu ya kiti cha kawaida.

Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale kiungo kinapokunjwa na kukunjuliwa. Mzee akiacha kutembea kwa kuogopa maumivu, goti linakosa lishe, na misuli ya paja inayolishikilia inasinyaa. Basi goti linazidi kuuma, naye anazidi kukaa. Mwongozo huu unalenga kuukata mzunguko huo.

Hatua ya 1: Hakikisha si jambo la kupeleka hospitali

Usianze zoezi lolote kabla ya kupitia haya. Mpeleke siku hiyo hiyo ikiwa maumivu ya mgongo yameambatana na ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila yeye kujua, choo hakizuiliki, au mguu umeanza kuishiwa nguvu. Hali kadhalika kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, hasa akiwa na homa: huenda kuna usaha ndani, na kiungo kinaweza kuharibika kwa siku chache tu.

Maumivu makali ya mgongo yaliyoanza baada ya kuanguka, hata kuanguka kudogo, yanahitaji picha ya eksirei. Mifupa ya uzeeni huwa imedhoofika na pingili ya uti wa mgongo huweza kupondeka kwa kujikwaa tu au kwa kuinua ndoo. Na mzee anayekonda bila sababu, anayetoka jasho usiku, aliyewahi kuugua saratani, au ambaye maumivu yake hayatulii hata akilala, achunguzwe mapema. Kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia, na mgonjwa anaweza asikohoe kabisa.

Hatua ya 2: Muulize vizuri

"Unaumwa wapi?" halitoshi. Muulize asubuhi akiamka viungo vinakakamaa kwa muda gani. Vikilegea ndani ya nusu saa, mara nyingi ni kuchakaa kwa viungo. Vikichukua saa nzima au zaidi, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, huenda ni baridi yabisi, ambayo ina dawa zake maalumu na kuchelewa kuzianza kunagharimu viungo.

Muulize pia akitembea kinatokea nini. Wapo wazee ambao miguu huwawaka au kufa ganzi wakitembea kidogo, wakikaa au kuinama mbele wanapata nafuu. Mara nyingi hiyo ni dalili ya njia ya neva kubanwa mgongoni. Mzee wa namna hiyo atembee vipande vifupi vyenye mapumziko ya kukaa, wala asilazimishwe kunyoosha mgongo kwa nguvu.

Halafu andika jambo moja ambalo maumivu yamemnyima: kwenda kuabudu, kuoga bila msaada, kumbeba mjukuu. Maendeleo yake yapimwe kwa hilo. Picha ya eksirei haitakuambia, kwani wapo wenye magoti yaliyochakaa sana pichani ambao hawaumwi, na wapo wanaolia ilhali picha yao inaonyesha mabadiliko madogo.

Hatua ya 3: Kusimama na kukaa

Kama mzee wako atakubali zoezi moja tu, liwe hili. Linajenga mapaja na makalio, na ndilo litakalomwezesha kutoka chooni bila kushikwa.

Chagua kiti imara kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Asogee hadi karibu na ukingo wa kiti. Nyayo zake zikanyage chini sawasawa, na visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Hapa ndipo wengi hukosea: wanataka kuinuka mgongo ukiwa wima, wanarudi chini, wanakata tamaa. Mwambie ainame mbele kwanza mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha asukume sakafu kwa miguu. Makalio yatanyanyuka yenyewe.

Kukaa nako ni nusu ya zoezi. Asijitupe. Ashuke taratibu huku akihesabu moja, mbili, tatu, makalio yaguse kiti kwenye tatu.

Aanze na mara tano, apumzike, arudie tano, siku moja afanye na siku moja apumzike. Wiki hadi wiki aongeze mpaka kumi kwa kumi. Akishindwa kabisa, inua kiti kwa blanketi iliyokunjwa vizuri isiyobonyea, au ajisukume kwa mikono kwenye kiti chenye egemeo. Wewe simama pembeni yake, lakini usimvute mkono. Bega la mzee huumia upesi, na kila unapomvuta unaifanyia misuli yake kazi iliyopaswa kuwa yake.

Ambaye goti linauma hata kwa hilo, aanzie kitandani: mguu umenyooka, taulo iliyoviringishwa chini ya goti, aikandamize kwa goti huku amekaza paja kwa sekunde tano, kisha alegeze. Mara kumi. Akimaliza, taulo iondolewe. Kulala usiku kucha na mto chini ya goti ni raha, lakini goti huzoea kukunjika na baadaye hukataa kunyooka. Akilala ubavu, mto ukae katikati ya magoti.

Hatua ya 4: Mgongo

Alale chali, akunje magoti, akaze tumbo, anyanyue kiuno polepole, ashushe polepole. Mara nane zinatosha kuanzia. Kutoka kitandani asijikunje kuinuka moja kwa moja: ageuke ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono. Zaidi ya hayo, atembee. Kulala kitandani zaidi ya siku moja au mbili kwa ajili ya mgongo kunadhuru. Na ule mkanda wa kiuno wengi wanaoununua, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unashauri usitumike kama tiba ya kawaida. Unachoshauri ni mazoezi.

Hatua ya 5: Maumivu kiasi gani yanaruhusiwa?

Mwambie ayapime kutoka 0 hadi 10. Yakifika 4 wakati wa zoezi si hatari, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi kama kawaida yake. Yasiporudi, punguza idadi, usiache zoezi.

Hatua ya 6: Dawa

Naomba usome hapa kwa makini. Ibuprofeni na diklofenaki za kumeza zinatuliza, lakini kwa mzee zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo, kupandisha presha na kuzidisha ugonjwa wa moyo. Hatari huongezeka akiwa anatumia dawa za presha, za kukojoza au za kuzuia damu kuganda. Akipata choo cheusi ti, akimbizwe hospitali. Kwa goti au vidole, anza na jeli ya diklofenaki ya kupaka, kwani kiasi kidogo tu huingia kwenye damu.

Parasetamoli ya miligramu 500 haizidi vidonge 8 kwa saa 24, na mzee mwembamba au mwenye ugonjwa wa ini apangiwe kiasi kidogo zaidi. Kumbuka dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Dawa isiyo na jina wala viambato, inayoondoa maumivu yote kwa siku moja, itilie shaka: baadhi zimekutwa zimechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Kama ameitumia muda mrefu asiikatishe ghafla, amwone daktari nayo mkononi.

Hatua ya 7: Fimbo na uzito

Fimbo hushikwa mkono ulio upande wa mguu mzima, yaani usiouma, na kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama mikono ikining'inia. Ngazini, kupanda mguu mzima hutangulia. Kushuka hutangulia fimbo na mguu unaouma. Mwenye uzito mkubwa apunguze kidogo kidogo: kila kilo moja inayopungua humwondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua.

Mpe miezi mitatu ya kufanya haya kwa uaminifu. Ikiwa bado hapati usingizi kwa maumivu, au lile jambo mliloliandika bado halijarudi, mpeleke kwa daktari wa mifupa na umuulize wazi kuhusu kubadilisha goti au nyonga. Umri peke yake haumzuii mtu kufanyiwa upasuaji huo, na mapaja aliyoyajenga kwenye kiti yatamsaidia kuinuka upesi baada yake.