SOMO: Konekta ya dripu inavyokaguliwa kwenye ofisi ya hataza, na namna ya kumjibu mkaguzi

Habari zenu wadau. Leo nachukua kitu kimoja tu kwenye hataza (patent, haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake) za vifaa tiba, konekta, kile kiplastiki kidogo ambapo sirinji au mpira wa dripu unakutana na kateta ya mgonjwa (mrija mwembamba ulioingizwa kwenye mshipa). Kwa macho ni kitu kidogo ila eneo lenyewe limejaa balaa, watu wamekuwa wakipeleka maombi miaka na miaka, kwa hiyo ukipeleka la kwako usidhani mkaguzi atakaa kujiuliza kama wazo lako ni zuri, yeye anatafuta tu kama kuna mtu alishalichora kabla yako. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizunguke: konekta inapata hataza kwa umbo lake, sio kwa kazi inayofanya. Ukiandika "konekta inayozuia damu kurudi" hujaandika kitu bado. Ukiandika kipande gani kiko wapi, kinagusa nini na kinasogea kwenda wapi, hapo ndo mazungumzo yanaanza.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Konekta isiyotumia sindano: kuna kasha la plastiki gumu, ndani yake mrija mfupi uliochongoka wenye tundu karibu na ncha, na juu ya huo mrija kuna kizibo cha silikoni chenye mpasuo. Nesi akisukuma sirinji, kizibo kinaminywa kwenda chini, ncha inapenya mpasuo, dawa inapita. Akichomoa, kizibo kinarudi juu kinaziba. Shida iko hapo kwenye kuchomoa, nafasi iliyokuwa imejazwa na ncha ya sirinji inabaki wazi na inavuta damu kidogo kuingia kwenye kateta, damu inaganda, kateta inaziba. Mvumbuzi wetu kafanya hivi: tumbo la kizibo linapanuka likiminywa na kujaa dawa, sirinji ikitoka tumbo linasinyaa na kusukuma ile dawa kwenda upande wa mgonjwa, halafu kwenye ukuta wa ndani wa kasha kaweka mbavu za duara, ya juu imejitokeza zaidi kuliko za chini, ili tumbo lianze kusinyaa kutokea juu.

HATUA YA 1: Tafuta mwenyewe kabla hujalipa hata senti
Espacenet, Patentscope na Google Patents, tovuti za kutafutia hataza, ni bure. Usitafute kwa maneno peke yake maana kitu hichohicho mmoja anakiita kizibo, mwingine valvu, mwingine septa, mwingine "kiungo nyumbufu", utapitwa na nusu ya vitu. Ingia kwa namba za uainishaji, zile ofisi za hataza zinazotumia kupanga uvumbuzi kwa mada. A61M 39/10 ndo viunganishi vya mirija kwa ujumla, A61M 39/26 ni valvu zinazojifungua ukiunganisha na kujifunga ukitenganisha (mfano wetu unakaa humu), A61J 1/20 ni vifaa vya kuhamisha dawa kutoka kichupa kwenda sirinji. Halafu watu wanasahau F16L 37, viunganishi vya haraka vya mabomba ya kawaida yasiyo na uhusiano wowote na hospitali. Mkaguzi anaweza kabisa kukuletea bomba la hewa la karakana kama linatatua tatizo lilelile, na kusema "hilo sio la kitabibu" peke yake sio utetezi.

Ukifika kwenye matokeo, angalia michoro kwanza, maandishi baadaye.

Jingine ni viwango. Ule mdomo wa Luer (mdomo wa kawaida wa sirinji) wenye mteremko wa asilimia 6 ulikuwa kwenye ISO 594, siku hizi uko kwenye ISO 80369-7 iliyotoka 2016. Mwaka huohuo zikatoka 80369-3 ya mirija ya kulisha na 80369-6 ya sindano za uti wa mgongo, lengo likiwa mpira wa chakula usiweze kuingia kwenye mshipa wa damu hata mtu akikosea. Sasa kuna wavumbuzi wanakuja na hoja ya "konekta yangu haiingiliani na ya mshipa", sawa, ila hilo tatizo na sababu ya kulitatua vyote vimeshachapishwa, mkaguzi atakuambia fundi yeyote (mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa eneo hili) alikuwa anajua kwamba umbo linatakiwa litofautiane. Kilichobaki kuwa chako ni ulivyolitofautisha.

HATUA YA 2: Madai
Madai ni zile sentensi kwenye ombi zinazosema hasa unalinda nini. Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, mi naona watu wanatumia wiki kwenye maelezo na jioni moja kwenye madai wakati inatakiwa iwe kinyume.

Dai bovu: "Konekta ya kuhamisha kimiminika cha kitabibu, yenye kasha na kizibo nyumbufu, ambapo kizibo kimewekwa ili kuzuia damu kurudi."

Dai linaloweza kusimama: "Konekta yenye kasha lenye ukuta wa ndani, mrija uliochongoka ndani ya kasha, kizibo nyumbufu kinachozunguka mrija na chenye tumbo linalopanuka kuelekea ukuta wa ndani kizibo kinapominywa, na mbavu za duara kwenye ukuta wa ndani, ambapo ubavu wa juu umejitokeza kuelekea tumbo zaidi kuliko ubavu wa chini."

La kwanza linakufa kwa nini? Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani iliamua kesi ya In re Schreiber. Jamaa alikuwa na kifuniko cha umbo la koni cha kumwagia bisi kidogokidogo kutoka kwenye chombo chake, mkaguzi akamletea hataza ya zamani ya mdomo wa kopo la mafuta. Mafuta na bisi wapi na wapi! Lakini umbo lilikuwa lilelile na ule mdomo ungeweza kupitisha bisi pia, akashindwa. Kwa hiyo "ili kuzuia damu kurudi" ni maneno matupu kama konekta ya zamani ina vipande vilevile na inaweza kufanya hivyo hata kama mwenyewe hakutaja damu.

Halafu shuka ngazi. Chini ya dai la 1 weka madai tegemezi (yanabeba kila kitu cha dai la 1 na kuongeza kitu): idadi ya mbavu, mteremko kati yao, unene wa ukuta wa tumbo, mahali tundu la mrija lilipo kulingana na ubavu wa juu. Hizo ndo sehemu za kurudi nyuma dai la 1 likipigwa, na litapigwa.

HATUA YA 3: Tarehe
Fupi tu. Ukishafungua ombi la kwanza una miezi 12 ya kufungua kwingine ukabaki na tarehe ileile ya kipaumbele (inayotumika kuangalia nani alitangulia). Ombi linachapishwa miezi 18 toka tarehe hiyo. Ukipita njia ya PCT (ombi moja la kimataifa kwa nchi nyingi), kuingia nchi mojamoja ni miezi 30, kwa ofisi ya Ulaya 31. Usionyeshe kifaa hadharani kabla ya kufungua, Marekani inakupa mwaka mmoja wa msamaha lakini Ulaya haina huo msamaha wa jumla.

HATUA YA 4: Barua ya kwanza ya mkaguzi
Inakuja na kukataa, usipaniki, ni kawaida. Kwenye ripoti ya utafutaji kila nyaraka ina herufi. X maana yake hiyo nyaraka peke yake inatosha kukuangusha, Y inakuangusha ikiunganishwa na nyingine, A ni ya kujua tu hali ya eneo. Anza na X.

Chukua karatasi, kata dai la 1 vipandevipande, kila kipande mstari wake. Pembeni andika mkaguzi amesema kiko wapi kwenye D1 (nyaraka ya kwanza aliyokuletea), namba ya aya na namba ya kipande kwenye mchoro. Halafu nenda kasome D1 mwenyewe usimuamini tu. Kwenye mfano wetu tuseme D1 ina kasha, mrija, kizibo chenye tumbo, na mkaguzi anasema "mbavu, namba 42". Unafungua unakuta 42 ni nyuzi za skrubu nje ya kasha za kufungia sirinji. Hapo suala la upya limeisha kwa aya moja. Ila mara nyingi haiwi rahisi hivyo, atakuja na D2, nyaraka ya pili, yenye mbavu za ndani zinazolingana na kusema ni rahisi kuunganisha na D1.

HATUA YA 5: Jibu
Ulaya wana utaratibu wao: nyaraka ya karibu zaidi ni ipi, tofauti ni nini, tofauti hiyo inaleta matokeo gani ya kiufundi, na je, fundi wa kawaida ANGEFANYA hivyo, sio angeweza tu kufanya. Marekani wanatumia kesi za mahakama yao kuu, Graham ya 1966 na KSR ya 2007, na baada ya KSR ile hoja ya "hakuna nyaraka inayosema waziwazi unganisha hivi" imepungua nguvu sana, akili ya kawaida ya fundi nayo inahesabiwa.

Kwa hiyo usiseme tu "D2 haiongelei damu". Sema kuunganisha kungeleta nini: D1 inahitaji tumbo lipanuke kwa uhuru pande zote ili kizibo kirudi haraka, mbavu za D2 zimewekwa ili kizibo kisisogee kabisa, ukizipachika kwenye D1 tumbo halipanuki na konekta ya D1 inaacha kufanya kazi iliyotengenezewa. Na hata ukizipachika bado zinalingana, ubavu wa juu haujitokezi zaidi. Kama una majaribio ya kupima kimiminika kinachorudi kwenye ncha ya kateta, yako dhidi ya muundo wa D1, weka, ni dhahabu hiyo.

Ukirekebisha dai, kila neno unaloongeza liwe na mzizi kwenye ombi kama lilivyofunguliwa. Ulaya, kifungu 123(2) cha mkataba wao wa hataza, hawana utani. Kama ubavu ulielezwa siku zote pamoja na mteremko fulani, ukiuchomoa ubavu peke yake bila mteremko wanaweza kusema umeongeza kitu kipya.

Marekani muda wa kujibu ni miezi 3, unaongezeka kwa kulipia mpaka mwisho wa miezi 6, baada ya hapo ombi limetelekezwa. Na ombeni mazungumzo ya simu na mkaguzi, mchoro wa mkato wenye rangi unaomtumia kabla ya simu unaokoa kurasa kibao za ubishi.

HATUA YA 6: Akikataa kwa mara ya mwisho
"Mwisho" Marekani sio mwisho, kuna RCE (kuomba ukaguzi uendelee) kwa kulipia, kuna rufaa, kuna ombi la mwendelezo (ombi jipya linalotokana na lile la kwanza) ili mengine yabaki hai. Kama mkaguzi ameshika D1 vizuri na wewe unarudia hoja ileile, badilisha dai badala ya kununua raundi nyingine.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mkuu asante kwa somo. Je naweza kudai namna ya kutumia konekta badala ya konekta yenyewe?
Jibu: Marekani ndiyo. Ulaya kifungu 53(c) kinakataza mbinu za matibabu kwenye mwili wa mtu, kwa hiyo "kumpa mgonjwa dawa kupitia konekta" haipiti. Ila kuhamisha dawa kutoka kichupani kwenda kwenye sirinji mezani, mgonjwa hayupo, hilo linaweza kupita. Dai kifaa kwanza lakini, mshindani wako anauza kifaa.

Mdau: Mwalimu nikiweka vipimo, mfano ubavu wa juu milimita fulani, si nitakuwa salama zaidi?
Jibu: Utapata hataza kirahisi ila jirani atabadilisha milimita kidogo akupite. Na kama namba yako inaangukia ndani ya kiwango ambacho D1 tayari inakitaja, mkaguzi atakuambia hayo ni marekebisho ya kawaida mpaka uonyeshe namba hizo zinaleta kitu ambacho hakikutarajiwa. Weka uwiano kwenye dai la 1, namba ziache kwenye tegemezi.

Mdau: Dada yangu yuko upande wa vibali anasema FDA (mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba) tunapeleka 510(k) (ombi la kibali cha kuuza) tukisema konekta yetu inalingana na iliyopo sokoni. Sasa kwenye hataza tunasema ni tofauti, haigongani?
Jibu: Swali zuri sana kaka. Kulingana kwa 510(k) ni habari ya usalama na ufanisi, sio kipimo cha upya, kwa hiyo sio lazima vigongane. Hatari iko kwenye sentensi. Mwaka 2021 kwenye kesi ya Belcher dhidi ya Hospira hataza ilikosa nguvu kwa sababu ofisa wa kampuni alikuwa anajua mambo yaliyoko kwenye faili la FDA na akanyamaza mbele ya ofisi ya hataza huku hoja za upande wake zikisema kinyume. Dada yako na wakili wa hataza wasomeane barua kabla hazijatumwa, na hicho kifaa mnachojilinganisha nacho mpeni mkaguzi wa Marekani akijue.

Mdau: Mkaguzi wangu amepima kwa rula mchoro wa D1 akasema ubavu wa juu ni mrefu kuliko wa chini. Maandishi ya D1 hayasemi chochote. Inaruhusiwa?
Jibu: Kama D1 haisemi michoro iko kwa skeli, vipimo vya rula havina nguvu, mjibu hivyo na mtake aonyeshe aya. Lakini tazama mchoro vizuri kabla hujaandika. Tofauti ya nusu milimita ya wino unaipinga. Ila kama mchoro unaonyesha waziwazi ubavu wa juu umeingia mpaka kwenye tumbo na wa chini haujafika, hilo ni umbo na umbo linahesabika hata maandishi yakinyamaza, hapo shuka kwenye dai lako tegemezi la mahali tundu la mrija lilipo.