Nairobi hadi New York: piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa ndege

Tiketi imeandikwa kuondoka 23:25, kufika 06:25. Abiria anatoa saa moja kwa nyingine, anapata saa saba, anafurahi. Kazi yangu ni kukata tiketi, na swali la safari hii inachukua saa ngapi hasa halikauki kaunta. Hesabu yake si ngumu.

1. Tafuta nukta za viwanja viwili. JKIA, uwanja wa Nairobi, iko latitudo -1.32, longitudo 36.93. JFK, uwanja wa New York, ni 40.64 na -73.78. Kusini na magharibi huwekewa alama ya kutoa. Ukiisahau, New York itahamia Asia.

2. Pata umbali. Fungua Excel au Google Sheets, bandika hii:

=ACOS(SIN(RADIANS(-1.32))*SIN(RADIANS(40.64))+COS(RADIANS(-1.32))*COS(RADIANS(40.64))*COS(RADIANS(36.93+73.78)))*6371

Hiyo 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Jibu ni kama kilomita 11,837. Ukitaka maili za baharini wanazotumia marubani, gawa kwa 1.852.

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Mstari ulionyooka pale unakatiza Mauritania, ilhali njia fupi inapanda Chad, Niger, Algeria na Morocco, inaingia Atlantiki, inafika hadi latitudo 42, juu zaidi ya New York yenyewe, kisha inashuka. Dunia ni mviringo, ramani ni bapa.

3. Ongeza asilimia 3 hadi 5. Ndege haifuati njia fupi kikamilifu: kuna anga zilizofungwa, hali ya hewa, na njia za Atlantiki zinazopangwa upya kila siku. Nikiweka asilimia 4 napata karibu kilomita 12,310.

4. Gawa kwa mwendo, na upepo uhesabu. Kenya Airways ilipoanza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 ilitumia Boeing 787, ambayo ikiwa juu hukimbia kama kilomita 900 kwa saa. Lakini upepo mkali wa juu kule Atlantiki huvuma kutoka magharibi. Kwenda ni mbisho, upepo unakukabili: chukulia 850, upate saa 14 na nusu. Kurudi unasukuma mkia: chukulia 950, upate karibu saa 13. Kila upande ongeza dakika 40 za kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Kwenda inagonga saa 15 na ushei. Haya ni makadirio; upepo wa Januari si wa Julai.

5. Sasa rudi kwenye tiketi. Saa zote zilizoandikwa ni za mahali husika. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi, na saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao. Kwa hiyo zile saa saba, ukiongeza nane za Januari, zinakuwa 15. Kurudi unatoa badala ya kujumlisha.

Angalia na tarehe. Tiketi ya 00:30 tarehe 12 ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 12, ndege ilishaondoka.

6. Kama unaunganisha ndege, piga kila kipande peke yake. Kupitia Doha ni kama 3,350 na 10,770, jumla kilomita 14,100 na ushei. Halafu jumlisha saa za kusubiri, ambazo mara nyingi ndizo zinazofanya tiketi ya bei rahisi iwe rahisi.