Kulisha kipima joto kisicho na waya kwa joto la bomba la mvuke

Juzi nilimsaidia kijana wa karakana yetu kufunga kipima joto cha WirelessHART (mtandao wa redio wa vipimo vya viwandani) kwenye mtambo wa spiriti. Alikuwa amechoka kupanda ngazi kubadili betri.

1. Soma ramani ya maeneo ya hatari. Zoni 0 (gesi inayoweza kuwaka ipo muda wote), 1 (huweza kutokea kazini kwa kawaida) au 2 (ni nadra)? Nunua kivuna umeme, yaani kifaa kinachogeuza joto la bomba kuwa umeme, chenye cheti cha zoni hiyo. Usijiundie. Kapasita (kihifadhi umeme) ya faradi 1 ikiwa na volti 3.6 imebeba karibu jouli 6.5, na propani iliyochanganyika na hewa huhitaji takriban milijouli 0.25 tu iwake.

2. Linganisha vyeti. Uo, Io na Po za kivuna (volti, mkondo na nguvu za juu zinazoweza kutoka) zisizidi Ui, Ii na Pi za kipima (kiwango anachoruhusiwa kupokea). Co na Lo za kivuna (kapasitansi na induktansi za juu zinazoruhusiwa kuunganishwa nacho) zitoshe kipima pamoja na waya wake.

3. Funga kwenye bomba. Hapa nilishapoteza siku nzima. Bomba lilikuwa na nyuzi 130, nikaona joto lipo tele, nikafunga kivuna juu ya bomba, mapezi yakitazama dari. Mwanzoni umeme ulitoka vizuri. Nusu saa baadaye ukafifia, kipima kikazimika. Nikabadili waya, nikakaza nati, wapi! Kuja kupima mapezi yenyewe: nyuzi 98. Hewa ya moto iliyopanda kutoka kwenye bomba ilikuwa inayapasha. Moduli ya umemejoto, sehemu ya kivuna inayozalisha umeme, hula tofauti ya joto kati ya pande zake mbili. Bomba liwe la moto namna gani, pande zikikaribiana umeme hakuna.

Kwa hiyo funga ubavuni mwa bomba, mapezi yakisimama wima ili hewa ipande katikati yake. Rudisha sufi ya kuzuia joto ya bomba mpaka shingoni mwa kivuna. Watu wengi huiacha wazi, nami siikubali kazi hiyo. Tumia vibano vya chuma cha pua. Majivu ya bagasi (makapi ya miwa) yafute kwenye mapezi kila unapopita. Pima baada ya saa nzima, maana kipimo cha dakika ya tano kinadanganya. Na multimita isiyo na cheti haiingii humo bila kibali cha kazi na kipima gesi mkononi.

4. Panga kipima kitume taarifa kila baada ya muda gani. Anza na sekunde 60. Redio hula sana. Betri ibaki ndani, maana siku ya matengenezo mvuke hufungwa, bomba linapoa, na chumba cha kuongozea mitambo bado kinataka kuona namba.