SOMO: Hachibaki ya zamani yenye injini ndogo, kuiongezea nguvu kunalipa?

Habari wakuu. Una hachibaki (gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu) ya zamani, injini ya lita 1.0 hadi 1.3, bodi haina kutu, na sasa unataka ichangamke. Utoe pesa au uache? Kwa maoni yangu, pesa ya kurudisha nguvu iliyopotea hulipa karibu kila mara. Pesa ya kuongeza nguvu mpya kwenye injini hiyo hiyo hulipa mara chache sana. Fuata hatua kwa mpangilio, hata kama fundi wako ana haraka.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Pasha injini moto, izime, toa plagi zote, kata umeme wa koili (kwenye injeksheni chomoa na fyuzi ya pampu ya mafuta). Mtu akanyage mafuta hadi mwisho na apige stata, wewe ukiwa na geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi. Injini nyingi za petroli za aina hii zikiwa nzima husoma kati ya bar 10 na 13. Tazama zaidi tofauti: silinda moja ikiachwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, kuna mgonjwa. Tia kijiko cha oili humo, pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi.

Injini iliyochoka usiitie madoido. Ovaholi kwanza, mengine baadaye.

Hatua ya 2: Rudisha nguvu iliyokuwepo

Hapa ndipo penye faida, na ndipo watu wanaparuka. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako akanyage mafuta mpaka chini, wewe toa eya klina (chujio la hewa) uchungulie koo la kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na mafuta. Kibamba cha ndani kinatakiwa kusimama wima kabisa. Mara nyingi utakuta kebo imelegea, au zulia limejikunja chini ya pedali, na kibamba kinaishia njiani. Yaani gari halijawahi kupewa mafuta yote, na dawa yake ni nati moja ya kukazwa. (Kama kabureta ina makoo mawili na la pili linafunguliwa kwa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), hilo halitafunguka injini ikiwa imezimwa. Usihangaike nalo.)

Nenda kwenye distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi. Chomoa kimpira cha vakyumu upande wa kabureta, kivute kwa mdomo, kisha ziba kwa ulimi. Pleti ya ndani isogee, na ulimi ubaki umenaswa. Hewa ikipita tu, dayaframu (utando wa ndani) imetoboka, kwa hiyo injini inakula mafuta na kujivuta kwenye mwendo wa kawaida.

Baada ya hapo rekebisha nafasi za valvu na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche), badilisha plagi na chujio la mafuta. Inua kila gurudumu kwa jeki, gia ikiwa huru na hendibreki imeachiwa, ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tuseme injini yako ina nguvu ya farasi (hp) 60. Eya klina ya wazi na eksozi ya michezo hata vikikupa asilimia 10, jambo ambalo ni nadra, umepata farasi 6. Tena eya klina ya wazi huvuta hewa ya moto iliyo chini ya boneti, na kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza uzito wa hewa kwa takriban asilimia 3. Kinachoongezeka kwa uhakika ni kelele, na masikio hudanganyika kirahisi.

Hatua ya 4: Punguza uzito, boresha mshiko

Gari la kilo 800 ukilitoa kilo 40, kwa mchapuko umepata sawa na farasi 3, bila kugusa injini. Peugeot walilijua hili. 205 Rallye ya mwaka 1988 ilikuwa na injini ya cc 1294 tu, farasi 103, uzito wa kilo 794. Ila tazama walichofanya: waliondoa vikolombwezo, wakaweka kabureta mbili za Weber na kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali. Kila kitu kilipangwa pamoja kiwandani, si kipande leo, kipande mwakani.

Kwako anza na matairi mazuri, shokapu na bushi mpya. Gari dogo linaenda haraka kwa sababu hulazimiki kupunguza mwendo sana kwenye kona.

Hatua ya 5: Bado una hamu?

Tafuta injini kubwa ya familia hiyo hiyo. Injini za TU za Peugeot na Citroën zilianza chini ya lita 1.0 hadi 1.6. Za familia ya E za Toyota, 4E ina cc 1331 na 5E cc 1497. Hapo pesa inaonekana barabarani. Bajeti ya breki iwe ndani ya hesabu tangu mwanzo.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, nikifunga turbo kwenye injini yangu ya kawaida je?*
Injini za turbo hutoka kiwandani na kompresheni ya chini zaidi, na mara nyingi pistoni imara zaidi. Ukiisukumia hewa ya turbo injini ya kawaida bila kurekebisha mafuta na taimingi, itapiga noki (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) na pistoni inaweza kutoboka. Tafuta injini iliyozaliwa na turbo.

*Yangu ni ya injeksheni, nimeambiwa chipu (kubadilisha programu ya kompyuta ya injini) inatosha.*
Kwa injini ndogo isiyo na turbo, ni asilimia chache tu. Anza na sensa na nozeli.

*Rimu kubwa zinaongeza mwendo?*
Zinapunguza mchapuko. Gurudumu zito ni gumu kulizungusha, na likiwa na kipenyo kikubwa zaidi ni kama umerefusha gia.

*Asante kwa somo. Nikiuza baadaye, nitarudisha pesa?*
Hapana, usitegemee. Wanunuzi wengi wa magari haya wanataka lilivyotoka kiwandani. Kila spea unayoitoa iandike jina na uihifadhi, na bima wajulishe kabla hujabadilisha injini.

*Kilo 40 nitoe wapi bila kuharibu gari?*
Buti kwanza. Toa zana, spika na makorokoro yote, uyapime. Viti vya nyuma ukivitoa viweke pakavu. Mihimili ya milango na bampa usiguse.