Valizi ya bunduki ya kuwinda: namna ya kuchagua yenye haitakuletea kutu

Musimu moja wa mvua nilirudia toka njia ya Kasenga na bunduki ya kalibre 12 ya noko (kaka ya mama), ile ya zamani ya mitutu mbili pembeni-pembeni, nikaipangusa haraka-haraka juu nilikuwa nimechoka, nikairudisha mu etui yake ya ngozi, nikaisukuma chini ya kitanda na nikaisahau mpaka mwezi wa tano. Siku ya kufungua nikakuta kutu imefuata mutindo wa etui yote, na pahali nilishikaka mututu na mukono wenye jasho, alama ya kidole changu ilionekana wazi kabisa kama ku karte ya elektere. Noko hakusema neno. Alinipatia kitambaa na chupa ya mafuta akaenda zake.

Tangu siku ile kila mutu mwenye kuniuliza «ninunue valizi gani?» namwambia kwanza kitu kimoja: kubeba bunduki ni kazi moja, kuilinda ku nyumba ni kazi ingine, na valizi yenye iko muzuri mu njia inaweza kuwa mubaya sana chini ya kitanda. Sponji na ngozi zinakamata maji ya hewa, zinayalalisha juu ya chuma, na kama ile ngozi ilitengenezwa na chumvi ao na dawa kali, njo kabisa. Kwa hiyo valizi nunua ya safari. Ya nyumbani tutaongea mbele.

Sasa, mbele ya kufungua mufuko wa makuta, kamata metre ya fundi upime. Batu benyi banapima urefu tu, kiisha banarudia na valizi yenye haifungike juu ya lunete (kioo ya kulengea). Pima urefu wote, pima kimo kutoka tumbo ya bunduki mpaka juu ya lunete, pima na unene pale kishikio cha kufungulia chumba cha risasi kinatokea pembeni, na ku urefu ongeza sentimetre 3 ao 4 kila upande ili sponji ipate nafasi ya kufanya kazi yake. Kama bunduki yako inavunjika katikati, za mitutu mbili karibu zote zinafanya vile, uko na bahati: unaitosha vipande, na juu mututu kawaida iko kati ya sentimetre 66 na 76, valizi ya ndani 80 ao 85 inatosha. Ni fupi, haijulishe batu barabarani kama ni nini iko ndani, na inaingia nyuma ya kiti cha motokari. Karabine yenye lunete, ile haivunjike, itakuomba ndani sentimetre 120 na kupita. Valizi ya plastiki Pelican 1750 kwa mufano iko karibu 128 ndani, lakini nje inapita 134, basi fikiria na motokari yako mbele ya kulipa.

Etui ya kitambaa siikatae. Kutoka ku motokari mpaka pale unaanza kutembea kwa miguu, inatosha, inazuia mikwaruzo na mavumbi kidogo. Lakini weka bunduki hiyo mu benne ya pikapu pamoja na bidon, magunia ya makala na mbuzi ya mutu, mu njia ya mashimo sawa vile zetu, utafika pori na lunete yenye inaangalia pembeni. Pale ni plastiki nguvu ao aluminiumu. Aluminiumu inapendeza macho, ila pembeni zinapindama na kiisha haifunge tena vizuri. Plastiki nzito inarudi mu fomu yake. Mi nachagua plastiki.

Ku magazini usiangalie rangi, jaribu hivi. Finya sponji na kidole gumba: yenye inabaki na shimo, wacha, bunduki itatembea ndani. Kiisha tia tone moja ya maji juu yake (muombe muuzishaji ruhusa, bamoja banakasirika). Kama inakunywa lile tone kama mukate, hiyo sponji itakunywa na mvua yote ya mwezi wa kwanza. Yenye iko muzuri tone inabaki juu kama juu ya jani ya kolokasi. Zile sponji zenye zimekatwa vidogo-vidogo vya kung'oa ni raha ya kutengeneza nafasi ya bunduki yako, lakini nyingi ni za kukunywa maji, basi jua.

Mupira wa kuzunguka mufuniko njo unafanya tofauti kati ya valizi na sanduku ya kawaida. Weka noti ya 500 franga katikati, funga, vuta: ikitoka bila shida, mavumbi ya mwezi wa nane itaingia vile vile bila shida. Fanya pande zote ine, hapana upande moja. Ku nyumba unaweza tena kuwasha lampe ya telefone ndani, kufunga, kuzima taa ya chumba na kutafuta pale mwanga unatokea. Kama banaandika IP67 juu yake, maana yake mavumbi haiingie kabisa na inaweza kulala mu maji ya metre 1 kwa dakika 30. Kwa kuvuka mito na pirogi ile si lukso.

Kufuli: tafuta valizi yenye iko na matundu mbili yenye chuma ndani ya kupitisha kadena, moja kila upande. Zile kufuli za namba zenye zimejengwa ndani ya plastiki mutoto wa miaka kumi anaifungua na tournevisi. Angalia na bawaba, yenye msumari mrefu wa chuma ndani ni bora kuliko plastiki inayojikunja, juu plastiki ile inachoka.

Mu njia, bunduki tupu siku zote, chumba cha risasi wazi mpaka umeona na macho na kuingiza kidole, masasi mu sanduku ingine. Ku bariere funguo ziwe karibu, na port d'arme (karatasi ya ruhusa ya bunduki) na permi ya kuwinda ziwe mu mufuko wa mbele, si ndani ya valizi yenyewe, nilishaona mutu anaomba polisi aruhusiwe kufungua valizi ya bunduki ili atoe karatasi ya bunduki, haikuenda vizuri. Na valizi ya muzuri haikupe haki ya kuwinda: sheria ya kuwinda ya Kongo (RDC), ya 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 njo inaongoza, na mu parke ya Upemba na ya Kundelungu hakuna kuwinda.

Kwa ndege pale Luano, kiwanja ya ndege ya Lubumbashi, ita kampani siku nyingi mbele, zingine zinakataa silaha zote. Zenye zinakubali zinataka valizi nguvu ya kufuli mu soute (tumbo ya ndege), na masasi isipite kilo 5 kwa mutu, zikiwa zimefungwa vizuri, na hamuwezi kuunganisha za batu wawili mu paki moja. Hesabu tena urefu na upana na kimo: nyingi zinahesabu sentimetre 158 kwa jumla, karabine itapita, utalipa. Valizi ya ndege iwe na kavalve kadogo ka hewa, bila ile utashuka Kinshasa na mufuniko umenyonywa kabisa, haufunguke.

Ku nyumba sasa. Toa bunduki mu valizi siku ile ile, acha valizi wazi kivulini sponji ikauke, pangusa chuma na mafuta kidogo, kidogo kweli, na uisimamishe mu armware (kabati) ya chuma. Basuderi banaitengeneza muzuri, omba tole ya milimetre 3, matundu ine nyuma ya kuifunga ku ukuta na bulo, na masasi mu kisanduku chake na funguo yake. Funguo usiweke juu ya armware, batoto banajua juu ya armware mbele yako. Ndani tia vifuko vya silika, zile mbegu-mbegu za kukamata maji ya hewa. Zile za bulu zinageuka pinki zikishiba maji, na ile bulu ni kobalti, ya kwetu hapa inachimbwa pale Kolwezi inarudi kwetu mu kafuko ka viatu. Usizitupe, zitoe mu kafuko, zikaushe mu sufuria juu ya mbabula (jiko ya makala) ya moto mudogo, nje ya nyumba, hapana mu sufuria ya kupika, mpaka bulu irudi. Mi nafanya vile kila wiki tatu mu mvua, na kalibre ya noko haijapata alama ingine, ile ya kidole bado iko.