Mvua za masika na pikipiki ya umeme: mambo ya kuzingatia kabla hujaingia kwenye maji

Naandika mapema maana mvua ikishaanza hamna bodaboda anakaa kusoma, kila mtu anakimbizana na hesabu ya kupeleka. Hapa Dar masika ni Machi mpaka Mei, halafu kuna vuli ya Oktoba mpaka Disemba, piga hesabu mwenyewe uone karibu nusu ya mwaka tunaiendesha kwenye maji. Na wengi wetu tumetoka kwenye pikipiki za mafuta tukahamia za umeme na akili ileile ya mafuta, hapo ndipo tunapoumia.

Sikiliza. Pikipiki ya mafuta maji yakizidi inazima. Ikivuta maji kwenye hewa au plagi ikiloa inakufa palepale, unashuka, unasukuma, unakausha plagi, unajua umekosea. Ya umeme haivuti hewa, haina ekzosi, haina plagi, kwa hiyo inapita tu. Inapita leo, kesho inatembea, keshokutwa inatembea, unaanza kuwasifia wenzako kwamba hii ni chuma, kumbe maji yako ndani yanakula taratibu. Kwa hiyo kila nitakaposema kagua, kagua hata kama inatembea vizuri.

Ya haraka haraka kwanza. Tairi likiisha kashata badilisha, usisubiri liwe kipara. Pedi za breki ziwe nzima kabla ya Machi. Madigadi ya nyuma iliyokatika irudishe, maana ikikosekana tope lote linarushwa kwenye waya. Koti la mvua na mfuko mzuri wa simu, hayo sina haja ya kukueleza.

Uendeshaji wenyewe una tofauti ambayo lazima uizoee. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote kuanzia gurudumu likiwa limesimama, haisubiri resi ipande. Kwenye lami kavu raha, kwenye tope au juu ya mfuniko wa chemba au ile michoro myeupe ya pundamilia gurudumu la nyuma linazunguka bure na unalala chini kabla hujajua nini kimetokea. Weka mwendo wa chini, ule wa kubania chaji, mvua ikianza tu. Na dakika zile za kwanza za mvua baada ya kiangazi ndio mbaya kuliko zote, vumbi na oili vilivyokaa barabarani miezi mizima vinapanda juu na lami inakuwa kama imepakwa sabuni, ukiweza simama kwanza chini ya paa inyeshe kidogo ioshe. Kitu kingine, kuna pikipiki ambazo ukiachia mkono tu mota yenyewe inashika breki ili kurudisha chaji, kwenye utelezi hiyo inaweza kukuburuza gurudumu la nyuma, kama yako ina sehemu ya kuipunguza ipunguze. Diski ikiloa bonyeza breki kidogo kidogo ukiwa unatembea ili ikauke, usingoje mpaka umkute mtu mbele.

Sasa hii habari ya "inazuia maji". Muuzaji atakwambia haiingii maji, wewe muulize namba ya IP ni ngapi na ni ya nini, ya mota, ya betri au ya kontrola (kile kifaa kinachoigawia mota umeme), maana kila kimoja kina yake. Namba ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ndio ya maji. IP54 maana yake inavumilia maji ya kurushiwa tu. IP65 inavumilia maji ya bomba yakipigwa kwa nguvu ya kawaida. IP67 inavumilia kuzamishwa kina cha mpaka mita 1 kwa dakika 30. Lakini elewa vizuri, hiyo 67 hupimwa kwa maji masafi na kifaa kikiwa na joto linalokaribiana na la maji, sio mota inayotoka kupanda kilima na mzigo, na sio kifaa ambacho kimeshapigwa na mashimo ya mtaani mwaka mzima sili, ile mipira ya kuzibia maji, zimechoka. Hili la joto lishike, nitalirudia.

Kabla ya mvua mpelekee fundi akufungulie sehemu za waya. Kila soketi ichomolewe, iangaliwe, ukiona rangi ya kijani kwenye shaba ujue maji yameshaanza kazi. Isafishwe, ikauke, ipakwe ile grisi maalumu ya umeme, isiwe grisi ya beringi. Halafu angalia waya unaoingia kwenye mota pale kwenye ekseli. Huo waya ushuke kwanza chini kuliko tundu lake halafu ndio upande uingie, ili tone likitiririka lidondokee pale chini kwenye mkunjo. Ukiwa umenyooka kutoka juu moja kwa moja mpaka kwenye tundu umeyatengenezea maji bomba. Kitu kidogo, zipu mbili za plastiki za kufungia waya zinatosha, na hapo maji mengi sana ndipo yanapopitia. Ila usifanye walichofanya baadhi ya watu kijiweni kwetu, kupaka silikoni kila mahali mpaka vitundu vya chini vya boksi la kontrola. Vile vitundu ni vya kutolea maji na mvuke, ukiviziba unayafungia ndani yale yaliyokwishaingia.

Haya, lile la joto.

Mwezi wa nne, mwaka juzi, nilikuwa nimetoka Karume na marobota mawili ya mitumba nyuma, napeleka Mwananyamala. Mvua imepiga tangu asubuhi. Nafika Mkwajuni, wanaopajua wanajua, bonde lile likijaa linajaa kweli. Pikipiki za mafuta zimepaki pembeni kama kumi hivi, wengine walijaribu zikawazimia katikati wakazisukuma. Maji yalikuwa yanafika kwenye habu, pale katikati ya gurudumu la nyuma ambapo mota yangu imo ndani, kidogo juu yake. Mimi nikaangalia, nikasema yangu haina ekzosi, nikaingia. Katikati pale gari lilikuwa limekwama nikasimama, sijui dakika mbili tatu, maji yako juu ya mota, mimi miguu iko ndani namsubiri jamaa asogeze gari lake. Kisha nikapita. Watu upande wa pili wakashangilia, nikajiona nimepatia kweli. Nikashusha mzigo, nikaendelea na kazi mpaka saa tatu usiku. Hamna tatizo.

Siku ya kwanza hamna, ya pili hamna. Kama wiki imepita nikaanza kusikia sauti kwenye gurudumu la nyuma, kama mchanga unakaangwa kwenye sufuria, ndogo sana, ukiongeza mwendo inapotea. Nikasema ni tope. Siku mbili mbele, natokea Magomeni na mama mmoja na mtoto wake wa darasa la pili au la tatu, pale taa za Moroko taa ikawaka kijani nikavuta mkono, pikipiki ikatikisika kwa nguvu ikarudi nyuma kidogo ikatikisika tena, haitaki kwenda. Daladala nyuma yetu ilikuwa imeshaondoka. Ilisimama karibu sana, yule mama aliruka na mtoto wake mkononi akakimbilia kwenye kingo, kiatu kimoja cha mtoto kikabaki barabarani. Hakuumia mtu. Ila ile sura ya yule mama mpaka leo ninayo.

Fundi alipofungua kifuniko cha mota yalitoka maji kama nusu glasi, rangi ya chai ya rangi. Beringi ukiizungusha kwa kidole inakwaruza. Zile sensa tatu ndogo za ndani ambazo zinaiambia kontrola gurudumu liko wapi, mbili miguu yake imekuwa kijani, moja imekatika kabisa, ndio maana mota ilikuwa haijui izunguke upande gani. Nikamuuliza maji yameingiaje na sili zipo. Akachukua chupa ya plastiki tupu, akaweka maji ya moto ndani akaitikisa, akamwaga, akafunga kifuniko, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya baridi. Chupa ikajikunja yenyewe. Akasema ndio mota yako hiyo. Ilikuwa ya moto kwa ajili ya mzigo, hewa ya ndani imetanuka, ukaisimamisha kwenye maji ya baridi hewa ikasinyaa, mota haiwezi kujikunja kama chupa kwa hiyo ikavuta. Ikavuta nini? Maji, kupitia kwenye sili na kwenye waya. Ukipita haraka pengine yanaingia matone, mimi nilisimama dakika tatu.

Walioniuzia walisema warantii haihusu maji, na kweli imeandikwa, nilikuwa sijasoma. Wiki tatu sina kazi na mkataba unadai hesabu kila Jumapili.

Kwa hiyo shika hivi. Maji yakifika kwenye habu geuza, hata kama abiria ananuna, hata kama wenzako wanapita. Kama huna jinsi kabisa, simama kwanza pembeni, ishike mota kwa kiganja, ikiwa huwezi kuacha kiganja pale ni ya moto, subiri ipoe, robo saa au zaidi, ndio uvuke, na ukishaingia usisimame katikati. Na ukivuka maji ya habu, kesho yake usiende kazini, nenda kwa fundi akufungulie mota akaushe, apake grisi, abadilishe sili. Usisubiri sauti, ukisikia sauti ujue kazi imeshaharibika.

Betri sasa, na hapa sitaki mchezo. Usichaji betri iliyoloa. Ukifika nyumbani na mvua chomoa betri, futa kwa kitambaa kikavu, angalia kwenye vyuma vya kuunganishia kama kuna tone, iache mahali pakavu penye hewa mpaka ikauke ndio uchomeke. Usiianike kwenye jiko wala juani. Hata kwenye kituo cha kubadilishia betri, kama mvua inanyesha, futa soketi ya pikipiki yako kabla hujasukuma betri ndani, tembea na kitambaa kikavu kwenye mfuko wa koti, sekunde tano tu. Mfuniko wa tundu la chaji ukikatika nunua mwingine siku hiyohiyo.

Betri ikizama kwenye mafuriko, hata kama ilizama dakika chache na inawasha taa vizuri, usiichaji na usiingize ndani ya nyumba. Maji ya mafuriko yana tope na uchafu wa vyooni, ya pwani yana chumvi, yakiingia kwenye saketi yanaweza kupiga shoti baada ya masaa au hata siku kadhaa, na betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya maji. Iweke nje, mbali na ukuta na mbali na watoto, wapigie waliokuuzia waje waichukue. Ukiona imevimba, ina joto bila sababu, inatoa harufu kali au inazomea, toa watu, sogea mbali, piga 114 zimamoto. Chaja nayo itundike ukutani juu, isilale sakafuni, maana maji yakiingia chumbani usiku umeme wa ukutani ndio unaoua.

Kuosha. Mashine ya presha marufuku, ule mkandamizo unapita sili ambazo mvua ya kawaida haiwezi. Kijana wa kuosha atakwambia anapiga mbali, mwambie ndoo na kitambaa. Ukiishi Kigamboni au unapita pita ufukweni futa chumvi kila wiki kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, halafu kavu.

Turubai la kufunikia usilifunge mpaka chini likabana, acha hewa ipite, maana pikipiki ya moto iliyoloa ukiifungia inatoa jasho lenyewe usiku kucha. Usiegeshe bondeni wala kwenye mtaro hata kama sasa hivi hamna wingu. Chaji ijaze mapema asubuhi, mvua ikipiga umeme nao unakatika. Na ukiona maji barabarani ambayo huoni chini yake, hata kama ni kifundo cha mguu, kumbuka mifuniko ya chemba huibwa, shuka kwanza, pima kwa fimbo.