Kabla hujamtumia mama mashine ya kufulia Mwanza, soma hii

Mwangaluka wadau mlioko huko majuu. Mimi kazi yangu ni kufungua mashine za kufulia hapa Mwanza, na nyingi zinazoletwa kwangu zimenunuliwa na mtoto aliyeko Manchester au Houston au Muscat, kwa hela yake ya jasho, zikapanda kontena, zikashushwa bandarini, zikapigwa barabara zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar mpaka huku, alafu ndani ya muda mfupi zimezima. Na niseme mapema tu, mara nyingi mashine yenyewe haina kosa, inauliwa na umeme, maji na sabuni, yani vitu ambavyo mnunuzi hakuviuliza kwa sababu huko aliko havimsumbui.

Tuanze na umeme maana hapo ndo hela inapotea kwa mkupuo mmoja. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50 (hezi ni idadi ya mara umeme unavyopiga mizunguko kwa sekunde). Ukinunua Uingereza, Ujerumani, Dubai au Oman uko salama, sana sana utabadilisha plagi, ile ya duara ya Ulaya ikatwe iwekwe ya pini tatu bapa ya amp 13, na waya wa erthi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, usiachwe ukining'inia kama nilivyokuta nyumba kibao. Marekani na Kanada ni volti 120 na hezi 60. Saudia ndo inawachanganya watu, volti ziko sawa na zetu lakini hezi ni 60. Sasa kila mtu ananiambia fundi si tutaweka transfoma, sawa, transfoma inashusha volti, ila hezi haizigusi kabisa, kwa iyo mota ya aina ya kawaida itazunguka pole pole zaidi, kama moja ya sita hivi imepungua, na itachemka. Angalia kibandiko cha nyuma ya mashine, kikiandika 50/60Hz poa, kikiandika 60Hz peke yake achana nayo hata kama unapewa bure. Na draya, yani mashine ya kukaushia nguo, ya Marekani ndo usiguse kabisa, kwa nje inasomeka volti 240 watu wanafurahi, kumbe koili ya moto ndo inatumia 240, mota na taimu ndani zinakula 120, ukiichomeka huku unaziunguza siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la Mwanza ambalo hata mafundi wageni linawashinda, ni mawe. Nyumba za Isamilo, Bugando, Mabatini, Igogo, Capri Point, mji mzima huu umekaa juu ya mwamba, sasa fundi umeme akija kupigilia fito la erthi linaingia futi mbili linagonga jiwe, anakata linalobaki anafukia, anakwambia tayari. Hiyo erthi ni ya kupiga picha tu. Friji na tivii hazitakuonyesha shida, ila mashine ya kufulia ina maji, ina koili, ina bodi la chuma, na dada anayeigusa ana mikono mibichi na kasimama peku kwenye sakafu yenye maji. Ukisikia mama anasema "mashine inapiga shoti kidogo" usiseme ni kawaida, mwambie achomoe na asiichomeke tena mpaka erthi ipimwe kwa kipimo chake, siyo kwa testa ya bisibisi. Dawa ipo, wanatafuta sehemu yenye udongo hata kama ni mbali na nyumba, wanazika fito zaidi ya moja na kuziunganisha, na kwenye mainswichi inafungwa ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Hiyo gharama ilipe kabla ya mashine, siyo baada.

Alafu nunua ile gadi ya friji, kile kifaa kinachokaa kati ya plagi na ukuta kukinga umeme mbovu, ndo hizo hizo zinafaa ilimradi iwe ya amp 13, maana mashine yenye koili ya kuchemsha maji inakula wati 2000 na kuendelea na vile vidogo vya bei chee vinayeyuka. Umeme ukikatika ukirudi unarudi kwa kishindo, gadi inasubiri dakika kadhaa utulie ndo inaruhusu. Na radi, nyie mliokulia huku mnazijua ngurumo za ziwani za usiku, wingu likianza kukusanyika plagi itoke ukutani, gadi haizuii radi.

Ishu ya LUKU, yani umeme wa kulipia kabla kwa tokeni, pia ongea na mama. Kufua kwa maji baridi kunakula umeme kidogo sana, ila akiweka digrii 60 ni karibu uniti nzima kwa mzunguko mmoja. Kama yupo kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, mashine inaweza kumtoa nje ya hizo uniti za bei nafuu na atakupigia simu kulalamika kwamba zawadi yako inakula tokeni. Nguo za kawaida na joto letu hili, maji baridi yanatosha.

Maji sasa. Mabomba yanatoka siku yanayotaka, na ukiwa juu mlimani presha ndo hakuna, kwa iyo kila nyumba ina simtanki. Watu wanadhani tanki likiwa juu ya mnara basi presha ipo. Hesabu ni rahisi, kila mita kumi za kwenda juu zinakupa baa moja ya presha, mnara wa mita tatu ni baa 0.3 tu, na mashine nyingi za mlango wa mbele zinataka kuanzia 0.5. Ikikosa inajaza taratibu mpaka inachoka inaandika kodi ya hitilafu ya maji, mama anakwambia imeharibika, fundi asiye mwaminifu anauza valvu mpya. Hapo unahitaji kapampu kadogo ka kusukuma kanakojiwasha bomba likifunguliwa, au ununue mashine isiyojali presha. Na hapa wengi mtanichukia, ila kwa nyumba nyingi za huku mimi nashauri ile ya matenki mawili ya plastiki, moja la kufua na moja la kukamua. Inajazwa hata kwa ndoo, haina bodi ya kompyuta, ikiungua kapasita, kale kakopo kanakosaidia mota kuanza kuzunguka, unabadilisha unaendelea, spea zake zinapatikana mjini hapa hapa. Haina heshima sebuleni, najua, lakini inafua. Ya mlango wa mbele inafaida ya kutumia maji machache, lita 50 hivi kwa mzunguko, na inafua vizuri zaidi, kwa iyo kama maji ya uhakika, presha na erthi vipo, endelea.

Kitu kimoja ambacho wa London hawaamini ni kwamba maji ya ziwa ni laini, hayana chokaa kama hayo ya kwenu yanayoganda kwenye birika. Kwa hiyo usimtumie bi mkubwa makasha ya dawa ya chokaa, hana kazi nayo, labda kama anatumia kisima. Ubaya wa maji laini ni povu. Sabuni inatoa povu jingi mno, na dada akitia ile sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono, kikombe kizima maana nguo chafu, povu linajaa mpaka linatokea kwenye droo, mashine inashindwa kukamua, na povu likipenya kwenye beringi ndo mwanzo wa ule mlio wa kusaga. Iwe sabuni iliyoandikwa matic, yani ya mashine, na iwe nusu ya kipimo cha kwenye pakiti.

Mashine ikifika, kabla ya kuchomeka chochote, nyuma kuna bolti tatu au nne ndefu zinazoshikilia dramu wakati wa safari. Zitolewe zote. Nimeitwa Nyegezi mashine imetembea kutoka bafuni mpaka koridoni, watu wamekimbia wanaitana mapepo, kumbe bolti zipo. Zisitupwe, mkihama mtazihitaji. Mpira wa kutolea maji nao uinuliwe, kati ya sentimita 60 na mita moja kutoka chini, ukiulaza sakafuni maji yatakuwa yanatoka wakati yanaingia na mashine haitajaa mpaka kiyama.

Matunzo mengine ni ya yule anayefua kila siku, siyo wewe, kwa iyo mrekodie dada wa kazi voisi noti fupi, kwa Kisukuma kama ndo anachoelewa vizuri. Mwambie afungue filta ya pampu pale chini mbele kila mwezi, aweke beseni kwanza, atakuta sarafu, vishikizo, pini za nywele na magamba ya dagaa, huku ndo kwetu. Kijichujio cha mahali maji yanapoingia nacho kioshwe, matope ya tanki yanaishia pale. Mlango uachwe wazi baada ya kufua, ule mpira wa mlangoni ufutwe, la sivyo ukungu. Basi, inatosha.

Draya sioni sababu. Jua la huku linakausha jinzi mchana mmoja, na draya isiyosafishwa manyoya kwenye chujio lake inashika moto kweli, siyo hadithi. Kisingizio pekee ninachokubali ni masika, na wale wadudu wa ziwani wanaonyanyuka kama moshi wakaganda kwenye shuka nyeupe, na hapo kamba ya ndani ya baraza yenye neti inamaliza kesi. Mashine ya kuosha vyombo ndo kabisa, inataka presha, sabuni yake na chumvi yake ambavyo mama hataenda kutafuta, ila kama ipo tayari basi iwekwe kwenye kipimo cha chini kabisa cha ugumu wa maji.

Sasa siku ikiharibika, usitume hela kwanza. Omba video mbili, moja ya kibandiko cha modeli kisomeke, nyingine ya mashine ikiwa inafanya hilo kosa, na sauti isikike. Ikinguruma bila kuzunguka, shuku kapasita au mkanda. Ikibaki na maji ndani, ni filta ya pampu kwanza, hiyo ni bure. Ikizunguka kwa mlio wa kusaga ni beringi, na beringi kwenye dramu iliyogundishwa kiwandani inaweza kukugharimu karibu sawa na kununua nyingine. Mota ikitoa cheche na kunuka, ni zile kaboni brashi, vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha, kitu kidogo sana. Fundi akisema bodi imekufa muulize amepima nini kabla, na mwambie kifaa cha zamani kibaki nyumbani kwa mama, hiyo peke yake inapunguza uongo. Nyumba ikiwa Sengerema au Geita siku hizi fundi wa mjini anafika kirahisi, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, habari ya kusubiri kivuko haipo tena.

Na ukija likizo, kwenye begi pakia kaboni brashi, pampu ya kutolea maji, mpira wa mlango na mkanda, kwa namba kamili ya modeli kutoka kwenye kile kibandiko, siyo kwa kukadiria kwamba zote za kampuni moja zinaingiliana, maana haziingiliani.